Naomba ushauri: je, "gonna" na "wanna" vinafaa katika barua ya kuomba kazi?

Mkaazi wa Jinja
Salaam, ndugu zangu. Mdogo wangu amemaliza Senior Six, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, na anaomba kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Entebbe. Katika rasimu yake ameandika "I'm gonna work hard" na "I wanna learn", na nilipomkosoa alinijibu kwamba hata wakubwa wa Marekani huzungumza hivyo. Je, nimlazimishe abadilishe, au ni mimi niliyepitwa na wakati?

Mwalimu, Mbale
Ndugu yangu, kijana ana hoja kwa upande mmoja. "Gonna" ni matamshi ya haraka ya "going to" yaliyotiwa katika maandishi, kama "wanna" ilivyo ya "want to", na "gonna" ina kanuni yake, kwani hufuatwa na kitenzi tu: mtu husema "I'm gonna travel", lakini Mwingereza hawezi kusema "I'm gonna Kampala". Hata hivyo, mazungumzo ni mazungumzo na barua ya kazi ni barua ya kazi. Aandike "I will work hard" na "I would like to learn". Vifupisho kama "don't" si makosa, ila katika barua rasmi ni salama zaidi kuviandika kwa kirefu.

Dada wa Mbarara
Mimi husoma barua za namna hiyo kazini, na mwenye "gonna" hanisumbui sana, kwa kuwa akiambiwa mara moja huacha. Taabu iko kwenye maneno ya hapa kwetu Uganda yanayojifanya rasmi. Wahitimu huandika "dirten", yaani kuchafua, bila wasiwasi wowote, kwa sababu limeundwa kwa mfano wa "shorten" na "widen", ilhali Kiingereza sanifu hutumia "dirty" hata kama kitenzi. Na huko mapokezini, mgeni kutoka Uingereza akiambiwa "extend a little" hatajua kwamba anaombwa asogee.

Mkaazi wa Jinja
Ahsanteni sana. "Gonna" ameiondoa bila ubishi. Kumbe rasimu ina pia "I never dirten my uniform", na hilo analitetea kwa nguvu zote, akisema amelisikia tangu shule ya msingi.

Mwalimu, Mbale
Mpe kamusi ya wanafunzi alitafute mwenyewe. Asipolipata, aandike "I always keep my uniform clean", kisha aipeleke barua.