Doom ya zamani kwenye laptopu ya zamani: nichukue sosi poti ipi?

Kibatari

Wakuu salama? Nina laptopu ya siku nyingi, i3 ya kizazi cha pili, RAM 4GB, grafiki ni ile ya ndani Intel HD 3000. Nina Doom II yangu niliyoinunua, ile gemu ya zamani ya kupiga risasi, nimekuwa nikiicheza kwa DOSBox (programu inayoigiza kompyuta ya DOS) na inaenda bila shida, ramani zake 32 nimeshazipitia zote. Sasa nimeanza kushusha ramani zinazotengenezwa na mashabiki na hapo ndo balaa limeanza. Kuna moja ukitoka kwenye korido ukakata kona kuingia uwanja wa wazi wenye ngazi nyingi, gemu inajifunga, narudishwa kwenye skrini nyeusi ya DOS imeandikwa R_FindPlane: no more visplanes. Kila nikirudi inafia pale pale. Nyingine inacheza freshi tu ila nikisevu nikiwa katikati inakufa.

Nikashauriwa nitumie sosi poti, yaani injini ya Doom iliyofanyiwa kazi na mashabiki, nikashusha GZDoom toleo jipya, ikagoma kufunguka inalalamikia OpenGL (njia ya gemu kuchora kwa kadi ya grafiki). Nikitafuta mtandaoni naona majina kibao, Chocolate, Crispy, Woof, PrBoom, dsda, zote zinaitwa Doom, sasa tofauti yake nini na mimi wa laptopu hii nichukue ipi? Halafu la pili, hizi ni halali au ni yale yale ya kukraki? Mashine hii ndo nafanyia kazi, sitaki kuweka vitu vya wizi.

fundi_redio

Mkuu Kibatari karibu sana, ntakujibu kwa kirefu maana hii mada naipenda.

Nianze na uhalali. Gemu hii ina pande mbili, injini na data, ni kama deki na mkanda wa video. Injini waliiachia wenyewe id Software, kampuni iliyotengeneza Doom, programa wao John Carmack aliweka sosi kodi wazi tarehe 23 Disemba 1997, mwanzoni leseni ilikataza biashara halafu 1999 wakaihamishia kwenye leseni huria ya GPL, maana yake yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza ili mradi na yeye atoe kodi yake. Na kodi waliyotoa haikuwa ya DOS, ilikuwa ya Linux, kwa sababu toleo la DOS lilitumia maktaba ya sauti ya mtu mwingine ambayo hawakuwa na haki ya kuigawa. Kwaiyo mashabiki ndo walioirudisha DOS na kuipeleka Windows kwa mikono yao, upande wa sauti ikabidi uandikwe upya. Data haijaachiwa, doom2.wad mpaka leo ina mwenyewe na inauzwa. Wewe umenunua, sosi poti unashusha bure, hapo hakuna wizi wowote.

Tuje kwenye kufa kwa ramani. Injini ya 1993 iliandikwa iende kwenye kompyuta yenye RAM ya 4MB, kwaiyo karibu kila kitu ndani yake kimepimiwa nafasi kabisa, hakiongezeki. Inapochora fremu inakusanya sakafu na dari zote unazoziona na kuzigawa vipande, kila kipande kina kimo chake, picha yake na mwanga wake, hivyo ndo vinaitwa visplane na nafasi iliyotengwa ni ya vipande 128 basi. Sasa angalia huo uwanja wako, kila kipandio cha ngazi kina kimo chake, hapo kuna kivuli hapa kuna mwanga, na uko wazi unauona wote kwa mpigo, ukikata kona tu vinavuka 128 na programu inajizima yenyewe. Ndo maana kwenye korido ilikuwa salama. Ile ya kusevu ni jambo la aina hiyo hiyo, faili la kusevu lina kikomo cha baiti 180,224, ramani ikiwa na maadui wengi na milango mingi data haienei.

Aliyetengeneza ramani hajakosea, alishailenga injini ambayo vikomo hivyo vimeondolewa. Na haya ataandika mwenyewe: kwenye zip uliyoshusha fungua lile faili la .txt, tafuta mstari wa Advanced engine needed uone kimeandikwa nini. Ukishaujua huo mstari swali lako la kwanza limejijibu karibu lote:

Ikiwa None, ramani inaenda hata kwenye Doom ya DOS, na Chocolate Doom ya Simon Howard inakutosha, hii inafuata ya DOS mpaka vikomo vyake na makosa yake, yaani pale ilipokufa ya zamani na yenyewe inakufa. Ikiwa Limit removing chukua Crispy Doom, imejengwa juu ya Chocolate lakini vikomo vimetolewa na picha ni mara mbili ya ile 320x200. Ikiwa Boom au MBF (injini za zamani za mashabiki zilizoongeza uwezo wa ramani) chukua Woof au dsda-doom. Ikiwa ZDoom au GZDoom, basi ni familia ile tu na hakuna njia ya mkato.

Kwa laptopu yako ushauri wangu ni dsda-doom, sababu inaweza kuchora kwa prosesa bila kutegemea kadi, na inameza kila kitu isipokuwa hizo za GZDoom zenyewe.

Tausi_Linux

Fundi heshima yako, maelezo ya visplane yamenyooka. Ila naona GZDoom umeipitia kwa haraka mno kama vile ni ya kukimbiliwa tu ukikosa nyingine, na sikubaliani. ZDoom ilianza 1998 kwa kazi ya Randy Heit, Graf Zahl akaijengea uchoraji wa OpenGL ndo ikawa GZDoom, na mambo mengi ambayo leo mtu anayaita ya kawaida yamezoeleka kupitia hapo. Unaangalia juu na chini kwa mausi, sakafu za mteremko, ghorofa juu ya ghorofa (injini ya asili haiwezi kabisa, chumba hakiwezi kukaa juu ya chumba kingine), taa za rangi, na lugha nzima ya kuandikia tabia za maadui na silaha. Mtu anaweza kutengeneza gemu mpya kabisa humo isiyofanana na Doom hata kidogo. Selaco inauzwa Steam tangu 2024 na chini yake ni GZDoom. Hiyo ni injini ambayo mzizi wake ni kodi ya 1993! Mimi hilo linanifurahisha kuliko rekodi zote za kukimbiza ramani, yaani kuzimaliza kwa muda mfupi kabisa.

Kibatari, kugoma kwako kuna sababu ya wazi. GZDoom za sasa kwa uchoraji wake wa kawaida zinataka OpenGL 3.3, na HD 3000 kwenye Windows inaishia 3.1. Laptopu yako haijaharibika wala hujakosea kuinstoli. Tafuta LZDoom, ni tawi la familia hiyo hiyo lililotengenezwa kwa ajili ya mashine za zamani, modi nyingi za zamani (gemu zilizobadilishwa na mashabiki) zinaenda humo. Zile modi nzito za miaka ya karibuni usizifuate kwa sasa. Na ujue tu kwamba 2025 sehemu kubwa ya waendelezaji wa GZDoom walijitenga wakaanzisha UZDoom, kwaiyo ukikutana na hilo jina usishangae.

fundi_redio

Dada Tausi hapo kwenye uwezo wa GZDoom nakubali mia kwa mia, na Selaco ni kazi kubwa. Ninachokisimamia ni kwamba mtu anayetaka kucheza *Doom* yenyewe na ramani zilizotungwa kwa mwendo wake, ni bora aanze na poti isiyogusa tabia ya gemu. Hili si suala la kupenda vya kale.

Mfano ni demo, yaani rekodi ya mchezo uliochezwa. Faili la demo la Doom halina video ndani, lina vitufe tu, baiti 4 kwa kila hatua, na gemu inakwenda hatua 35 kwa sekunde. Ukiichezesha, injini inapewa vile vitufe na kuicheza gemu upya toka mwanzo. Bahati nayo si bahati, ni jedwali la namba 256 lililoandikwa ndani ya kodi na injini inalisoma kwa mpangilio, namba moja baada ya nyingine. Kwaiyo ukibadilisha kitu kidogo mno, tuseme adui mmoja amegeuka hatua moja mapema, namba inayofuata inakwenda kwa mtu mwingine, risasi iliyompata inamkosa, na baada ya sekunde chache unamwona mchezaji anapiga ukuta mtupu huku maadui wako nyuma yake. Wapo watu walirekodi mbio zao miaka ya 1994 na 1995 na faili zile zinachezeka leo kwenye dsda-doom hatua kwa hatua, kwa sababu kuna watu walikaa wakahakikisha hata makosa ya injini yamehifadhiwa yalivyo. PrBoom, halafu PrBoom+ ya Andrey Budko, halafu dsda, kazi imepokezana hivyo miaka yote bila mtu kulipwa, na ni kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Kwa Kibatari hii inamgusa hivi: dsda ina kitu kinaitwa complevel, unaiambia ijifanye injini ipi. 2 ni Doom II ya kawaida, 9 ni Boom, 11 ni MBF, 21 ni MBF21, mwendelezo mpya wa MBF. Ramani ya Boom ukiiwekea 2 kuna milango haitafunguka kabisa na utadhani umekwama. Amri ni hii:

dsda-doom -iwad doom2.wad -file ramani.wad -complevel 9

doom2.wad iweke folda moja na programu ili usihangaike na njia za mafaili.

Msee_wa_Kisauni

Habari zenu nyote, salamu kutoka Mombasa. Naona hapa wengine watasoma na hawana hata hiyo doom2.wad, kwa hivyo niongeze. Iko Freedoom, hii ni data iliyochorwa upya yote, maadui, silaha, muziki, ramani, na leseni yake iko wazi, unashusha na kugawa vile unataka. Ramani nyingi za mashabiki za Doom II zinachezeka juu yake. Sura za maadui si zile na mwanzo utaona ni geni lakini tabia ni zile zile kwa sababu injini ndiyo inayozishikilia. Pia episodi ya kwanza ya Doom, doom1.wad yenye ramani tisa, ni sheawea, ilikuwa ya kugawiwa bure toka siku ya kwanza, ila ramani za mashabiki hazikubali kufunguka juu ya hiyo.

Kwa simu kuna Delta Touch ya Android, ni ya kulipia, ndani ina poti kadhaa na data unaweka yako mwenyewe. Mimi naicheza na padi ya bluetooth, vidole kwenye kioo sikuviweza.

Na mkimalizana na Doom msisahau Quake, gemu nyingine ya id, kodi yake ilitoka 21 Disemba 1999 moja kwa moja kwa GPL. Kwa mashine ya Kibatari ni QuakeSpasm, si Ironwail, Ironwail inataka OpenGL 4.3. Na hapa iko jambo watu hawalijui: ile GLQuake ya id wenyewe ya 1997 ilikuwa laini kwa macho lakini ilipoteza mwanga, sehemu zilizokuwa zinang'aa kwenye Quake ya kuchorwa na prosesa zikafifia, na rangi za kujing'aza zenyewe zikapotea. Mashabiki ndio waliurudisha ule mwanga. Ingia ramani yoyote yenye madirisha na lava kwa QuakeSpasm halafu uilinganishe na GLQuake, utaona kwa macho yako. Wapenzi wa Duke Nukem 3D nao kodi ilitoka 1 Aprili 2003, poti yao ni EDuke32.

Kibatari

Wakuu nimerudi, shukrani zisizo na kifani. Nimefungua lile faili la txt na kweli mstari upo, umeandikwa Boom compatible. Nimeweka dsda-doom na complevel 9, nimekata kona ile nikaingia uwanjani na nimeona kwa mara ya kwanza kilichokuwa kinaniua, kule mwisho kuna mnara umezungushiwa ngazi mpaka juu na mwanga unapungua kipandio kwa kipandio. Na kusevu kunakubali sasa. Laptopu haipigi hata feni.

La mwisho jamani. Seivu zangu za DOSBox naweza kuzihamishia humu? Na nikitaka kujaribu kutengeneza ramani yangu mwenyewe, ndogo tu, laptopu hii itaweza?

fundi_redio

Seivu hapana mkuu, faili la kusevu linafuata injini yake, kila poti ina mpangilio wake, hata kwenye poti ile ile ukibadilisha toleo wakati mwingine inakataa. Maliza ramani ulizoanzia kule kule DOSBox au zianze upya.

Kutengeneza ramani itaweza vizuri. Ultimate Doom Builder ndo maarufu lakini kwa grafiki yako itakusumbua, jaribu Eureka au SLADE ni nyepesi. Unapoanza chagua muundo wa Boom uwe na mambo ya ziada kama sakafu zinazokubeba, halafu jaribu kila mara kwa dsda na complevel 9 hiyo hiyo, usijaribie LZDoom peke yake maana inasamehe makosa mengi ambayo kwa mwenzako yatagoma.

Tausi_Linux

Na ukiwa tayari kuigawa, weka PWAD yako (faili la ramani yako) peke yake pamoja na txt, doom2.wad usiiweke kwenye zip hata kama imekaa folda moja. Ule mstari wa Advanced engine needed uujaze. Halafu ulete hapa, mi ntaicheza.