Mjadala: Kigoma tuendelee kuuza Kongo tu, au tutafute soko la mbali?

Kijana wa Kibirizi: Wadau, Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, nasi tumeridhika: dagaa Kalemie, dagaa Lubumbashi, basi. Mbona tuna mawese, kahawa ya Kalinzi, asali ya Kibondo? Twende mbali. Ila tuache kuanika dagaa mchangani, Mzungu hali mchanga.

Mama Chanja: Mdogo wangu, umenichoma. Mimi naanika juu ya chanja, meza ya mbao na wavu, mwaka wa tisa, wavu nanunua kwa hela yangu. Njoo Katonga uone kabla ya kutuchafua wote.

Kijana wa Kibirizi: Sikukusema wewe, mama. Lakini wapo, na mvua ikiwanyeshea wanauza hivyo hivyo.

Mama Chanja: Wapo, sikatai. Na 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasimama miezi mitatu, Mei hadi Agosti, chanja zangu zilikaa tupu, ada ya shule ikabaki palepale. Unanipeleka Ulaya, mzigo wenyewe uko wapi?

Mrina Asali Sikonge: Jifunzeni kwetu Tabora. Tulijifunga kwenye tumbaku: pembejeo za mkopo, siku ya soko gredi inashushwa, unarudi nyumbani na deni. Asali nayo wanaitaka nje, ila wanapima mabaki ya dawa. Ukiihifadhi stoo moja na tumbaku inashika harufu, hakuna wa kuigusa.

Mzee wa Ujiji: Tulilala. Malaysia walichukua mbegu za michikichi hapahapa Kigoma, leo tunanunua mafuta kwao!

Mwalimu Kasulu: Shikamoo mzee. Hilo ni la vijiweni. Michikichi ya kule ilitokana na miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwa cha Java, 1848, na asili yake ni Afrika Magharibi. Yetu mingi ni dura, kokwa ganda nene, nyama kidogo. Dawa ni tenera, chotara yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ile wanayozalisha kituo cha utafiti cha Kihinga.

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Miche minne ijaze nchi nzima? Marehemu baba alituhadithia wageni waliobeba mbegu, na baba hakuwa mwongo.

Mwalimu Kasulu: Sijamwita mwongo, mzee wangu. Huenda wageni walikuja kweli. Nasema mashamba ya Malaysia hayakuanzia hapo.

Kijana wa Kibirizi: Jamani, turudi kwenye soko.

Mama Chanja: Haya, turudi. Wewe uliyeanza na mchanga, nijibu: mbao, misumari na wavu wa chanja moja, nani anamkopesha mwanamke wa mwaloni asiye na hati ya nyumba?