Tupeane uzoefu: nani anajifanyia sevisi ya pikipiki kwa kufuata manuali?

Mpiga Kiki, Kisauni

Asalaam aleikum wadau. Mimi si fundi, ni karani tu, ila siku hizi pikipiki yangu siipeleki kwa mtu. Ni ile 125 ya Kichina, injini nakala ya Honda CG125.

Kisa kilianzia kwenye tapeti, ile nafasi ndogo kati ya roka (mkono unaosukuma vali) na vali yenyewe. Fundi wa mtaani aliziseti kwa sikio: nafika, injini bado inachoma, anafungua, anakaza, anapiga kiki, kelele zikinyamaza anadai hela yake. Wallahi ilitulia, nikafurahi. Wiki ya pili, asubuhi haishiki mpaka jasho linitoke, na ikipata moto inanizimikia kwenye foleni daraja la Nyali, matatu nyuma zanipigia honi.

Kijana wangu akanipakulia manuali ya CG125. Kwenye tapeti pana mstari mmoja tu: 0.08 mm, vali zote mbili, injini ikiwa baridi. Baridi! Tapeti ikibana mno vali haifungi sawasawa, nguvu inavuja. Tena vali ya ekzosti hupozwa na kule kukaa kwenye kiti chake. Isipokaa, yaungua polepole na wala husikii kitu.

Nikanunua fila geji, vile vikanda vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi. Injini ikalala usiku kucha. Asubuhi nikatoa kifuniko cha magneti, nikaizungusha mpaka alama ya T ikaelekeana na ile ya kwenye kasha. Hapo ushike roka zote mbili: zikicheza, pistoni iko juu pahali pake. Zikibana, zungusha raundi moja nzima tena. Ukanda wa geji upite kwa kusuasua, kama unachomoa karatasi chini ya msahafu. Yaliyonitesa ni yale ambayo picha haionyeshi: ukikaza nati ya kufungia, skrubu nayo yageuka, nafasi imepotea. Nilirudia mara sita. Sasa inagonga kidogo, tak tak tak, na inashika kiki ya kwanza. Haya, nanyi leteni yenu.

Feri ya Alfajiri, Likoni

Yakhe, mimi nilifunzwa adabu na nyaya. Nimekulia kwenye Yamaha, na Yamaha waya mweusi ni athi, yaani ule wa kurudisha umeme kwenye chasisi. Nikanunua Honda, nikataka kufunga taa ya ziada, nikachukua mweusi nikaupeleka kwenye chasisi. Fyuzi pu! Nikatia nyingine, pu! Ya tatu nilitaka kuweka kipande cha waya, mke wangu akaninyang'anya koleo. Kufungua mchoro mwisho wa manuali: Honda athi ni kijani, mweusi ndio unaobeba moto swichi ikiwashwa. Yale makaratasi yalikuwa ndani ya simu yangu miezi minne.

Dada wa Bolti, Changamwe

Mimi nilisoma kitabu, na nikavunja vilevile. Nilikuwa nakaza bolti za kifuniko cha klachi, M6, vijibolti kama kidole cha mtoto. Nimeazima toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa jirani, najiona injinia. Jedwali la vipimo lina maandishi ya sisimizi, nikasoma mstari wa nati ya ekseli. Bolti ikasema "tik", nikabaki na kichwa mkononi, mwili umo ndani ya alumini. Kipimo chake cha kukaza kilikuwa Nm 12 (nyutoni mita) tu. Kuitoa kulinigharimu siku nzima na pesa kushinda sevisi yenyewe. Sasa naweka rula chini ya mstari ninaousoma. Cheka utakavyo.

Boda Mkongwe, Mtwapa

Manuali naiheshimu kwa vipimo, kwa siku siiheshimu. Changu chasema cheni isafishwe na kutiwa mafuta kila km 1,000. Huyo aliyeandika hajapanda feri maji ya bahari yakirukia mpaka miguuni. Mimi ni kila siku ya tatu: maji ya bomba, kitambaa, mafuta ndani ya viungo. Vichwa vya betri napaka grisi, la sivyo vinaota ukungu wa kijani. Spoku nazo msizisahau.

Na jambo moja kwa vijana: oili. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki. Klachi zetu nyingi zaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini, na oili kadhaa za magari zimetiwa vitu vya kulainisha msuguano, basi klachi inateleza. Injini yalia, pikipiki haiendi. Nililipia sahani za klachi bure kabla sijajua.

Mpiga Kiki, Kisauni

Shikamoo Mzee wa Mtwapa, la oili umeniokoa, nina galoni ya gari hapa nyumbani nusu nimeshamimina. Naimwaga leo leo. Dada wa Bolti, pole, lakini rula naiiga.

Feri ya Alfajiri, Likoni

Mpiga Kiki, Jumamosi navuka kuja Kongowea. Hiyo fila geji niazime, yangu inagonga kama mwenye kukuna nazi. Injini nitailaza tangu Ijumaa.