Kikundi cha "Chakula cha Yasin": kitafunio cha Idd kwa mtoto anayetibiwa kifafa kwa lishe ya keto (mafuta mengi, wanga kidogo sana)

Shangazi: Asalaam aleikum jamaa. Idd hiyo yaja, nataka kumwokea Yasin kitu chake, asikae kutazama wenzake wakila mahamri. Nimepata mtandaoni mkate wa unga wa lozi, umeandikwa "keto". Niuoke?

Mama Yasin: Waaleikum salaam wifi. Usiuoke huo tafadhali. Sukari hauna, lakini protini ni nyingi mno kwake. Yeye yuko kwenye 4:1.

Mjomba: Shemeji, 4:1 ni hivi: kila gramu 4 za mafuta, gramu 1 tu ya protini na wanga vikijumlishwa. Unga wa lozi gramu 100 una mafuta kama 50, protini 21, wanga 10 ukishatoa nyuzinyuzi. 50 gawanya kwa 31, unapata 1.6. Hata umwage siagi namna gani, hautashika, utabaki unaelea kwenye mafuta.

Bibi: Kwani hii si ile ya watu wa kupunguza mwili?

Mjomba: Hapana Bibi, shikamoo. Hii ya Yasin ni tiba ya kifafa, madaktari wanaitumia tangu 1921. Inapimwa kama dawa. Ya kupunguza mwili mtu akikosea kidogo hakuna neno. Huyu akikosea, degedege linaweza kurudi siku hiyo hiyo.

Bibi: Marahaba mwanangu. Nimeelewa.

Shangazi: Sasa nitumie nini badala ya lozi?

Mjomba: Makadamia. Tena za hapa hapa Kenya, za Murang'a, Embu, Meru. Nunua mbichi, zisizokaangwa wala kutiwa chumvi. Gramu 100 zina mafuta 76, protini 8, wanga 5 bila nyuzinyuzi. Peke yake tayari imepita 4:1, kwa hiyo inabeba yai bila shida.

Mama Yasin: Kikombe kimoja cha keki ya Yasin ni hiki, mtaalamu wake wa lishe ameshakipitisha:

makadamia iliyosagwa g 20
yai zima lililopigwa g 15
siagi isiyo na chumvi g 4
unga wa nazi g 1
beking soda, ncha ya kisu
ndimu, matone 3

Jumla mafuta 20, protini 3.7, wanga 1.3. Kalori 200. Kinaingia kwenye mlo wa saa kumi, si cha ziada.

Shangazi: Mbona beking soda na ndimu? Beking pauda ninayo hapa.

Mama Yasin: Beking pauda imechanganywa na wanga wa mahindi. Ni kidogo, lakini kikombe kizima kina wanga 1.3 tu, kwa hiyo kila kidogo kinaonekana.

Bibi: Unga wa nazi si machicha tu? Nianike machicha yangu yakauke, niyasage, mwache kununua.

Mjomba: Wazo zuri kwa sisi wengine, Bibi, ila kwa Yasin hapana. Machicha ya leo umeyakamua mara moja, ya kesho mara tatu, mafuta yaliyobaki hayalingani. Ule wa pakiti angalau una namba. Na kwenye pakiti angalia: ya Ulaya, wanga iliyoandikwa tayari haina nyuzinyuzi. Ya Marekani wamejumlisha zote, unatoa mwenyewe. Ukitoa kwenye ya Ulaya umetoa mara mbili.

Shangazi: Utamu?

Mama Yasin: Stevia ya matone, tone moja au mawili. ZILE PAKETI NDOGO ZA UNGA HAPANA. Zimejazwa maltodekstrini au glukosi. Paketi ya gramu 1 inaweza kuwa karibu gramu 1 ya wanga, ambayo ni karibu sawa na wanga wa kikombe kizima. Asali na tende pia hapana. Tende ndogo ya gramu 8 ina wanga kama gramu 5.

Shangazi: Iliki je? Idd bila iliki!

Mama Yasin: Iliki ya unga nayo ina wanga. Fanya hivi wifi: yeyusha siagi zaidi ya unayohitaji, tia punje nzima mbili moto mdogo dakika chache, zitoe, acha siagi ipoe iwe laini. Ndipo upime ile gramu 4. Harufu itabaki.

Shangazi: Nimejaribu kusaga makadamia sasa hivi imekuwa uji.

Mjomba: Ni mafuta yake yametoka kwa joto la mashine. Ziweke friza saa mbili, saga kwa kubonyeza na kuachia, sekunde mbili mbili, pamoja na ule unga wa nazi. Gramu 1 kwa kila 20. Ukisaga pamoja hivyo, kwenye kikombe pima gramu 21 za mchanganyiko. Huo uji usiutupe, hesabu zake ni zile zile, ila keki yake itavuja mafuta zaidi.

Shangazi: Na mizani yangu inasoma gramu nzima nzima.

Mjomba: Haifai hapa. Inaposoma 4 inaweza kuwa 3.5 au 4.5. Tafuta inayosoma 0.1, kama za masonara.

Mama Yasin: Ninayo, nitampa Baba Yasin akuletee jioni. Yai lipige lote kwanza, kiini na ute vishikane, ndipo upime 15. Yai moja linatoa vikombe vitatu. Lakini usichanganye vyote kwenye bakuli moja wifi. Kinachobaki kwenye bakuli ni mafuta zaidi kuliko kitu kingine, hapo uwiano umekwenda. Pimia ndani ya kikombe chenyewe cha silikoni, changanya humo humo kwa kijiti chembamba, kijiti ukifute ukingoni. Cha karatasi kinanyonya siagi.

Shangazi: Moto kiasi gani?

Mama Yasin: Oveni 160, dakika 15 hadi 18. Kabla ya kuweka, acha kikombe dakika tano unga wa nazi unywe maji ya yai.

Bibi: Na umeme ukipotea?

Mama Yasin: Sufuria nzito yenye mchanga mkavu, mama. Ipate moto kwanza, weka vikombe juu ya kisahani cha bati, funika, makaa machache chini na mengine juu ya kifuniko. Dakika 20 hivi. Chini kukizidi moto, mafuta yanajitenga.

Shangazi: Yakijitenga nifanyeje, niyamwage?

Mama Yasin: Hapana hapana. Hayo ndiyo dawa. Acha kipoe ndani ya kikombe, mengi yatanyweka tena. Yasin atakula kwa kijiko humo humo na kukwangua. Kinachosababisha mara nyingi ni siagi ya moto kukutana na yai la friji. Vyote viwe vya joto la chumba.

Bibi: Mimi nilitaka kumpa kashata.

Mjomba: Kashata ya nazi kavu isiyo na sukari na mafuta ya nazi inawezekana, Bibi, lakini mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi 24. Mombasa hii, nje ya friji itakuwa mchuzi. Na inapita 4:1 kwa mbali, kwa hiyo lazima Mama Yasin aipangie mlo kwanza. Usitumie nazi changa, ina sukari zaidi na mafuta kidogo.

Bibi: Basi nimwachie shangazi yake.

Mama Yasin: Mama, unaloweza kunisaidia sana ni siku yenyewe. Watoto watataka kugawana naye, na yeye kugawa. Kaa naye karibu mpaka amalize kikombe. Akionja chochote cha wenzake niambie papo hapo, hata kipande cha halua, nipime ketoni (zile mwili unazotoa ukichoma mafuta) na nimpigie mtaalamu. Hakuna atakayelaumiwa.

Bibi: Nitakaa naye mwenyewe.

Binamu Salma: Mimi namfahamu mtoto mwingine jirani yetu, yeye yuko 3:1. Anaweza kula hii?

Mjomba: Ukiondoa siagi yote na kuongeza yai liwe 20, makadamia 20 na unga wa nazi 1 vibaki, inatoka karibu kabisa na 3:1. Lakini mama yake aipeleke kwa mtaalamu wake kwanza, kila mtoto ana kalori zake. Na kama mtoto hajaanza lishe hii hospitalini, asianzishiwe nyumbani. Kuna magonjwa ya kurithi ambayo mwili hauwezi kuchoma mafuta, hao inawadhuru vibaya. Wanapimwa kwanza.

Shangazi: Naoka sita nigandishe. Juu niandike nini?

Mama Yasin: Jina lake, tarehe, 4:1, g 40 kabla ya kuokwa. Ikishaokwa inapungua maji, usishtuke ukipima ukaona 36. Ahsante sana wifi.

Shangazi: Sema mizani ije na betri.