Kikundi cha Meza ya Ijumaa: Saba Iko Upande Gani?

Kaka Mbarak: Assalamu alaykum, wapendwa. Shikamoo Mjomba, shikamoo Shangazi. Nimesoma karatasi zote mlizonirudishia baada ya jaribio la Ijumaa, na ningependa tuyazungumze humu kabla sijaanza kuandika rasimu ya nne ya kanuni za mchezo wetu wa majahazi, huu wa mezani ambao kila mchezaji anaigiza baharia na dadu ndizo zinazoamua kama amefaulu. Naomba kila mmoja aanze kwa kueleza kilichotokea mezani kwake. Mapendekezo tutayafikia baadaye.

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam, na marahaba, mwanangu. Kwangu tulicheza wanne, mimi na vijana watatu wa jirani, na kama ulivyoagiza hatukukupigia simu hata mara moja. Hazikupita dakika kumi tukakwama. Nahodha wetu alirusha dadu mbili ili avuke mkondo wa Pemba usiku, zikatoka tatu na nne. Karatasi yako inasema kwamba akipata juu ya saba amefaulu, na akipata chini ya saba hakufaulu. Sasa saba yenyewe iko upande gani? Tulibishana mpaka chai ikapoa, kisha kijana mmoja akaamua kwamba chombo kisiende mbele wala kisirudi nyuma. Kwa hiyo usiku ule tulitia nanga katikati ya mkondo mara sita.

Mjomba Athumani: Marahaba, Mbarak. Rukia, katika mkondo wa Pemba nanga haifiki chini.

Shangazi Rukia: Ndiyo maana nilijua kanuni ina kasoro, kaka yangu.

Dada Mwanaidi: Kasoro yenyewe si ndogo. Dadu mbili zina matokeo 36 yanayowezekana, na kati ya hayo, sita yanatoa jumla ya saba. Hakuna jumla nyingine inayotokea mara nyingi kuliko hiyo. Maana yake ni kwamba takriban kila mrusho wa sita unaangukia mahali ambapo karatasi haisemi lolote. Ingekuwa ni mbili au kumi na mbili iliyosahauliwa, tungeweza kucheza mwezi mzima bila kuliona tatizo hilo.

Binamu Salim: Jambo linalonishangaza mimi niliye huku Maskati ni kwamba sisi tumecheza kwa video mara nne, kwa rasimu hiyo hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza habari ya saba.

Kaka Mbarak: Hakuna aliyeuliza kwa sababu nilikuwapo. Kila saba ilipotoka, nilisema "umefaulu" na tukaendelea, kwa kuwa kanuni kamili ninayo kichwani, na karatasini niliandika nusu yake tu. Nakiri kwamba meza ya Shangazi imenifundisha kwa usiku mmoja jambo ambalo meza yangu haikunifundisha kwa miezi miwili.

Khamis: Shikamooni nyote. Mimi naomba tuzungumzie uchovu, kwa sababu ndio ulioniharibia jioni.

Kaka Mbarak: Tafadhali eleza, mdogo wangu, tena eleza kwa urefu.

Khamis: Mhusika wangu alikuwa baharia wa kawaida, asiye na stadi ya kumwongezea chochote. Mrusho wa kwanza nilishindwa, nikapata alama moja ya uchovu, na kwa mujibu wa rasimu ya tatu kila alama inapunguza moja katika mirusho yote inayofuata. Nikarusha tena huku nimepunguziwa moja, nikashindwa, nikapata alama ya pili. Tangu hapo nikawa nakataa kurusha. Tanga lilipochanika nilisema nimelala; maji yalipoingia ndani nilisema bado nimelala. Sikuwa nimechoka na mchezo, ila nilijua kwamba kila nikijaribu kujinasua nitazama zaidi.

Binamu Salim: Nathibitisha. Ilipofika saa ya tatu ya mchezo, mabaharia wanne kati ya watano walikuwa "wamelala", na nahodha akabaki anaendesha jahazi peke yake.

Dada Mwanaidi: Nimepiga hesabu ya jambo hilo. Mchezaji asiye na alama, tukikubaliana kwamba saba ni kufaulu, ana nafasi 21 kati ya 36, yaani asilimia 58. Akiwa na alama moja anahitaji nane, na nafasi yake inashuka hadi asilimia 42. Akiwa na mbili ni asilimia 28, na akiwa na tatu ni 17. Kwa hiyo alama moja tu inatosha kumtoa mtu kwenye upande wa kufaulu na kumweka upande wa kushindwa, na kushindwa kwenyewe ndiko kunakoleta alama inayofuata. Huu ni mteremko usio na breki. Kaka, hiyo adhabu ya moja kwa kila alama uliitoa wapi?

Kaka Mbarak: Niliiazima kwenye majaribio ya Dungeons & Dragons, mchezo ambao Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa mwaka 1974 na ambao ndio ulioifungua njia hii tunayoipita. Kanuni za mwaka 2014 zilikuwa na ngazi sita za uchovu, kila ngazi ikiwa na adhabu yake ya pekee, na msimulizi, yule anayeuongoza mchezo, alilazimika kufungua jedwali kila mara. Mwaka 2022, wachapishaji wake walipoanza kuwapa wachezaji rasimu za marekebisho wazijaribu, walipendekeza ngazi kumi, kila moja ikipunguza alama moja tu katika mirusho. Niliona ni kanuni nyepesi na ya kupendeza, nikaichukua kama ilivyo.

Dada Mwanaidi: Wao wanarusha dadu ya pande ngapi?

Kaka Mbarak: Pande ishirini, dadu moja.

Dada Mwanaidi: Basi hapo ndipo tulipopotea. Katika dadu moja ya pande ishirini, kila upande una nafasi sawa na mwenzake, hivyo kupunguza moja ni kupunguza asilimia tano, iwe mwanzoni, katikati au mwishoni. Katika dadu zetu mbili za pande sita, matokeo yamejazana katikati, na kupunguza moja pale kwenye saba kunamnyang'anya mchezaji karibu asilimia 17 kwa mpigo. Uliazima viatu bila kuangalia kipimo cha mguu.

Kaka Mbarak: Nimekubali, dada yangu. Tena hata wao hawakuiacha kanuni ile kama walivyoianza, kwani katika kitabu cha 2024 ngazi zimerudi kuwa sita, na kila ngazi inapunguza mbili. Majaribio yale yale ya 2022 yalianza kwa kupendekeza kwamba pigo la bahati, lile linalopatikana dadu ikionyesha ishirini, liwe la wahusika wa wachezaji peke yao na viumbe vya msimulizi visiwe nalo. Wakalijaribu, wakaliondoa, na kitabu kikatoka na utaratibu wa zamani. Sioni aibu, basi, kuifuta ya kwangu.

Mjomba Athumani: Kabla hujafuta, nami nina langu, nalo ni la upepo. Ijumaa wachezaji waliondoka Maskati kuja Zanzibar mwezi wa Julai, na kanuni yako ikawatoza moja tu kwa sababu upepo haukuwa upande wao. Mwanangu, Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, limekomaa. Majahazi ya Arabuni yalikuja huku na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kati ya Desemba na Machi, yakiwa na tende na chumvi, kisha yakangoja kusi ianze ili yarudi kwao na boriti za mikoko. Nahodha wa kuja kusini mwezi wa Julai hapunguziwi moja, bali anaambiwa akae bandarini.

Khamis: Lakini Mjomba, tukikaa bandarini miezi mitano mchezo utakuwa wa kupiga miayo.

Mjomba Athumani: Nani kakwambia bandarini watu hulala? Chombo hupandishwa ufukweni, kikapigwa kalafati kuzibwa nyufa, kikapakwa deheni, mafuta ya kuzuia maji. Kuna madeni, kuna harusi, kuna mabaharia wanaotoroka na kuna serahangi, msimamizi wa mabaharia, anayetaka kuwa nahodha. Miezi ile ndiyo yenye visa.

Binamu Salim: Mjomba amesema kweli. Mimi napendekeza tuingize awamu ya bandarini, tubadilishe uchovu, na tukifika hapo turekebishe pia mapigano na maharamia, maana yanachukua saa nzima.

Dada Mwanaidi: Hapana, Salim. Tukibadilisha vitatu kwa pamoja na Ijumaa ijayo ikawa nzuri, hatutajua ni kipi kilichoifanya nzuri. Ikiwa mbaya, hatutajua tutoe kipi. Pilau ikizidi chumvi siku uliyobadilisha mchele, bizari na sufuria, utamlaumu nani?

Shangazi Rukia: Aliyeitia chumvi.

Kaka Mbarak: Namuunga mkono Mwanaidi. Upepo na maharamia vitangoja zamu yao, na Mjomba naomba aniandikie visa vitatu vya bandarini nivihifadhi. Ijumaa hii, ukiacha kuinyosha sentensi ya saba, tutajaribu uchovu tu. Nimewaza hivi: mrusho wa kawaida ubaki na dadu mbili, lakini baharia akisaidiwa na mwenzake wa zamu, arushe tatu na achukue mbili kubwa. Mwenye uchovu asipunguziwe chochote. Anachopoteza ni ule msaada, hapewi wala hatoi, mpaka alale zamu moja.

Dada Mwanaidi: Ngoja nihesabu. Dadu tatu zina matokeo 216, na ukichukua mbili kubwa, 174 kati yake yanafika saba, ambayo ni karibu asilimia 81. Mwenye uchovu anashuka hadi 58, na hashuki zaidi ya hapo hata akishindwa mara kumi. Breki imepatikana.

Khamis: Na mimi nitakuwa na sababu ya kulala kweli, badala ya kujifanya.

Kaka Mbarak: Hilo ndilo ninalotaka kulipima. Kila meza iandike mambo mawili tu: idadi ya mirusho, na idadi ya mara ambazo mchezaji angeweza kurusha akakataa. Msiniandikie kama mlifurahi, kwa maana ndugu zangu mnanionea haya na wote mtasema mlifurahi.

Shangazi Rukia: Na wewe utakuwa wapi?

Kaka Mbarak: Nitakuwa kwako, Shangazi, lakini jikoni.

Shangazi Rukia: Jikoni kwangu hakai mtu bure. Utakuna nazi, na ukifungua mdomo kueleza kanuni nitakuongezea ya pili.

Kaka Mbarak: Nimekubali. Nayo sentensi ya saba nimeinyosha sasa hivi, naomba muisome: "Mchezaji arushe dadu mbili na aongeze stadi yake, kama anayo. Akipata saba au zaidi, amefaulu. Akipata sita au pungufu, hakufaulu na anapata alama ya uchovu."

Mjomba Athumani: Hiyo imenyooka.

Binamu Salim: Naam, sasa hata mimi naweza kuisoma peke yangu.

Khamis: Samahani, Kaka. Mwenye stadi ya mbili anaongeza mbili kwenye jumla, au kwenye kila dadu?

Dada Mwanaidi: Kwenye jumla, bila shaka.

Khamis: Wewe unajua, Dada. Karatasi haisemi.

Kaka Mbarak: Naandika upya.