Mrejesho: Bitcoin kwenda anwani ya bc1p imefika salama

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Kwa ambaye hakuona: nilitakiwa kumlipa mtu kwa Bitcoin, akanipa anwani (ule mfuatano wa herufi na namba wa kupokelea) inayoanza na bc1p, pochi yangu, yaani programu ninayotumia kutuma Bitcoin, ikagoma kwamba si sahihi. Nikauliza hapa kama naweza kuigeuza iwe ile aina nyingine ya anwani, ya kuanzia na 3.

Jibu ni hapana, na asanteni mlionizuia mapema. Anwani si namba ya simu, kwamba uanze na 0 au na msimbo wa nchi itaita tu. Kila aina imebeba masharti yake ya kufungulia pesa. Ukiitunga mwenyewe, mpokeaji anaweza kukosa namna ya kuzigusa.

Tatizo lilikuwa uzee wa pochi yangu. bc1p ni ya Taproot, maboresho ya Bitcoin yaliyoanza kufanya kazi Novemba 2021, na hukaguliwa kwa Bech32m, namna ya kuandika anwani ili makosa yagundulike. Bc1q, aina iliyotangulia, hutumia Bech32, namna ya zamani zaidi. Yangu ilijua hiyo ya pili tu. Nikaisasisha (kwanza nilihakiki maneno ya siri ya kurejeshea pochi niliyoandika kwenye karatasi, maana mimi na mikosi ni ndugu), ikakubali.

Nilituma kiasi kidogo kwanza. Nikalinganisha herufi za mwanzo, katikati na mwisho, kwani kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili. Alipothibitisha, nikamalizia zilizobaki. Ada nimelipa mara mbili, sijutii.

Kumbe hata kwa anwani ya bc1q angepokea! Ningemuuliza tu siku ile ile.