Kompyuta zipo, maabara imefungwa: tufanyeje?

Mwalimu wa Jiografia, Vihiga
Walimu wenzangu, hamjambo? Shule yetu ya kutwa ina kompyuta 20 za mezani tulizopewa na wafadhili, lakini mwaka huu nimeingia na wanafunzi katika maabara hiyo mara mbili tu. Ufunguo hukaa kwa naibu wa mwalimu mkuu, ambaye husema, nami simlaumu sana, kwamba hata kipanya kimoja kikipotea ni yeye atakayeulizwa. Nilitaka kuwaonyesha Kidato cha Tatu picha za setilaiti za Bonde la Ufa. Nikaishia kulichora ubaoni kwa chaki. Je, kwenu kikwazo ni nini, na mlikiondoaje?

Msimamizi wa maabara, Seme
Mwalimu, kwetu pia kikwazo kilikuwa ufunguo. Mkaguzi akija huhesabu kompyuta na haulizi zimetumika kwa saa ngapi, kwa hiyo anayezifungia huonekana mwangalifu kuliko anayezifungua. Tulianzisha daftari: mwalimu anayeingia na darasa hutia sahihi, huhesabu vifaa pamoja na kiranja, na hurudia hesabu hiyo akitoka. Naibu alipoona kwamba kila kipindi kina mwenye kuwajibika, alitoa ufunguo wa pili. Sasa tunagombea nafasi, kwa sababu wanafunzi wa somo la Kompyuta, ambao katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, hupimwa pia kwa vitendo na kwa mradi, ndio wanaotangulizwa, na masomo mengine huachiwa jioni, wakati wanafunzi wa kutwa wameshashika njia ya nyumbani.

Fundi, Kakamega
Naomba kuongeza jambo la umeme, maana wengi huulalamikia unapopotea tu. Huku kwetu radi ni nyingi mno, na mvua za masika zikianza huwa naitwa shuleni kufungua mashine zilizoungua ilhali jengo lenyewe halikuguswa: radi ilipiga laini mbali, nguvu yake ikasafiri kwa nyaya. Kuzima swichi hakutoshi. Mawingu yakikusanyika alasiri, chomoeni plagi ukutani, na msisahau waya wa intaneti. Vilevile, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za msaada haziwezi kupokea toleo la 11. Msizitupe, Linux, mfumo endeshi wa bure, huendesha nyingi kati ya hizo bila taabu.

Mwalimu, Nakuru
Kwetu kikwazo kilikuwa bando la intaneti, basi tulipakua Wikipedia kwa programu ya Kiwix, nayo husomeka bila intaneti. Kwa picha za setilaiti, zipakue nyumbani uje nazo katika flashi.

Mwalimu wa Jiografia, Vihiga
Ahsanteni sana. Daftari nitalipeleka kwa naibu Jumatatu. Ila ndugu wa Seme, mkihesabu vifaa mwanzo na mwisho, kipindi cha dakika 40 hubaki na dakika ngapi?

Msimamizi wa maabara, Seme
Thelathini hivi, stima isipopotea.